Namna ya Kufeli kwa Daktari wa Moyo

Sogea karibu, rafiki yangu, tuongee kwa sauti ya chini. Umeshaamua. Fedha umezihesabu mara tatu, nyumbani umemwambia mtu mmoja tu, na daktari wa upasuaji ameshakuchorea kwenye karatasi jinsi atakavyoondoa sehemu kubwa ya mfuko wako wa chakula, robo tatu au zaidi, kibaki kipande chembamba mfano wa ndizi. Ukamuuliza, lini? Akakujibu: "Kwanza nenda kwa daktari wa moyo, uniletee barua."

Tangu hapo hulali. Barua hiyo umeigeuza mtihani wa taifa, na umeanza kupanga majibu. Unafanya mazoezi? Kila siku. Unavuta? Niliacha zamani. Unakoroma? Hata kidogo. Usione haya. Dada yangu naye aliyapanga, na mimi niliyemsindikiza ndiye niliyekuwa nikimuuliza maswali ndani ya bajaji ili azoee kujibu bila kusita.

Sasa nikupe njia ya mkato ambayo laiti tungeijua siku ile: nenda ukafeli. Feli mapema, feli waziwazi, feli mbele ya watu wenye mashine, dawa na muda wa kukurekebisha. Moyo wenye kasoro utajulikana tu. Kinachobaki ni kuchagua ujulikane wapi: kwenye kiti cha kliniki ukiwa na viatu vyako miguuni, au mezani ukiwa umepigwa nusu kaputi na daktari wa usingizi anatokwa jasho. Kufeli vizuri kuna utaratibu wake, na nitakupa wote.

1. Usimpendeze daktari

Najua utakachovaa. Mtu mnene akienda hospitali hujipamba kuliko akienda harusini, kwa sababu harusini hakuna mizani. Utavaa nguo nyeusi ya kubana tumbo, utajipulizia manukato, utafika nusu saa mapema ukae kwenye benchi mpaka pumzi itulie, ili daktari akikuita uingie ukitembea kama mtu wa miaka ishirini. Mbinu hiyo inafanya kazi, na hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa watu 1,401 waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa katika hospitali 25 za Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand. Madaktari waliombwa wakadirie, kwa kumtazama mtu na kuzungumza naye, nani ana pumzi ya kutosha na nani hana. Kisha watu wakapandishwa kwenye baiskeli ya kupimia. Kati ya wale ambao mashine ilionyesha kuwa pumzi yao ni ndogo, madaktari walikuwa wamewatambua chini ya wawili katika kila kumi.

Kwa hiyo kumhadaa daktari ni rahisi mno, hakuhitaji kipaji. Wewe fanya lile gumu. Vaa nguo unayoshinda nayo nyumbani, yenye mikono inayopandishika. Kama kliniki iko ghorofa ya juu, panda ngazi polepole, na ukihema, hema. Ukiulizwa "Vipi, mama, mbona unahema?" jibu: "Ndivyo ninavyokuwa nikipanda ngazi, daktari." Sentensi hiyo moja ina faida kuliko kurasa kumi za faili lako. Ila kifua kikibana au kichwa kikiwa chepesi, simama hapo hapo umwite mhudumu. Na kabla ya kupimwa presha, kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea na miguu imegusa sakafu, maana presha hupimwa mtu akiwa ametulia.

2. Jipime kabla hujapimwa

Madaktari wa moyo wana kipimo kisichotumia umeme. Wanauliza: unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama? Nguvu anayotumia mtu aliyekaa kimya kitini wanaiita MET moja. Kupanda ngazi hizo kunataka kama nne. Anayeshindwa kufikisha nne ndiye wanayemwangalia kwa makini zaidi, kwa sababu moyo unaochoka kwenye ngazi unaweza kuchoka pia upasuaji utakapoudai.

Jioni ya leo tafuta ngazi. Dar es Salaam hazikosekani, iwe nyumba ya shangazi au jengo lolote la Kariakoo ambalo lifti yake imekufa. Panda na mtu anayekupenda, mwenye saa na simu. Andika uliposimama, ulihema muda gani, na kama kuna kitu kilikubana kifuani, shingoni au mkononi. Karatasi hiyo nenda nayo.

Kuna pia dodoso la maswali 12 lililotungwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1989. Mimi nalipenda kuliko mashine nyingi, kwa sababu linauliza maisha yenyewe. Unaweza kujivalisha na kula bila msaada? Unaweza kutembea ndani ya nyumba? Kufagia na kubeba mizigo ya sokoni? Kupiga deki kwa nguvu, kusogeza kabati? Kucheza ngoma? Na ndiyo, linauliza pia la chumbani. Kila "ndiyo" ina alama zake, jumla yake ni 58.2, na miongozo ya sasa ya Marekani huwatazama kwa wasiwasi waliopata 34 kushuka chini.

Hapa ndipo majivuno yatakapokukamata. Ukiulizwa kuhusu kupiga deki utakumbuka mwaka ulipopiga deki nyumba nzima kwa mikono. Swali linahusu wiki hii. Ukiulizwa la chumbani utatazama dirishani. Jibu tu, daktari ameshasikia makubwa kuliko yako. Watu wa zamani walisema mficha uchi hazai, na kwenye chumba hiki msemo huo unafanya kazi kwa maana zake zote.

3. Nenda na shahidi wa usiku

Hakuna binadamu anayejua kuwa anakoroma. Anayejua ni yule aliyehamia sebuleni. Mchukue huyo.

Daktari alipomuuliza dada yangu, "Mama, usiku unakoroma?" alijibu kama tulivyofanya mazoezi: "Hapana, daktari, nalala kama mtoto." Mwanawe wa mwisho, aliyekuja kubeba mkoba, alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja. Daktari akamgeukia. "Wewe kijana, unasemaje?" Kijana akasema, kwa adabu zote, kwamba mama akilala huunguruma, halafu hunyamaza kabisa, na yeye hukaa kitandani kwake akihesabu mpaka mama avute pumzi tena. Amekuwa akihesabu tangu akiwa darasa la tano.

Nilitazama chini. Miaka yote hiyo sisi wakubwa tulifanya mkoromo ule kichekesho cha familia, na mtoto peke yake ndiye aliyekuwa zamu.

Kunyamaza huko ni koo kuziba usingizini. Hewa inakatika, damu inapungukiwa oksijeni, moyo unashtuliwa mara nyingi kila usiku, na presha inapanda isishuke hata kwa vidonge vitatu. Ukipewa dawa za usingizi na za maumivu makali, koo hilo hilo hulegea zaidi. Ndiyo maana mwaka 2008 Frances Chung na wenzake wa Toronto, Kanada, walitoa maswali manane mafupi: unakoroma kwa sauti kubwa, unachoka mchana, kuna mtu aliyekuona ukiacha kupumua, una presha, uzito wako ukoje kwa urefu wako, umepita miaka 50, shingo yako inazidi sentimita 40, wewe ni mwanamume. Matatu yakiwa "ndiyo", kuna shaka. Matano au zaidi, shaka ni kubwa.

Shingo pima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Kama unalala peke yako, iache simu ikurekodi usiku kucha. Kisha feli kipengele hiki bila aibu. Anayekifeli huweza kupelekwa kupimwa usingizi na kupewa mashine ndogo inayosukuma hewa puani na kulizuia koo lisijifunge. Ukipewa, itumie, na siku ya upasuaji ibebe kama unavyobeba kadi yako.

4. Beba mfuko wa aibu

Chukua mfuko mkubwa, ule wa kubebea unga. Fungua kabati, droo, mkoba wa zamani na kile kisanduku kilicho juu ya friji. Tia kila unachomeza: vidonge vya presha, vya kisukari, sindano, vya magoti, vya kuzuia mimba, na aspirini ya jirani.

Halafu tia vile unavyovificha. Chai ya kupunguza tumbo uliyoagiza kwa mtu mwenye akaunti ya Instagram. Vidonge visivyo na jina ndani ya kichupa cheupe, ambavyo rafiki yako alipungua navyo kilo tisa. Unga wa mitishamba unaokoroga asubuhi. Hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote, kwa sababu moyo na dawa za wembamba wana kesi ya siku nyingi. Mwaka 1997 fenfluramini iliondolewa sokoni baada ya madaktari wa Kliniki ya Mayo, Marekani, kueleza habari za wanawake 24 walioharibika vali za moyo wakitumia mchanganyiko uliokuwa na dawa hiyo. Mwaka 2010 ikaondolewa sibutramini, kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Ikaondolewa kwenye maduka ya dawa, haikuondoka duniani. Mamlaka za dawa zimeendelea kuikuta imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza uzito zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Chai inayokunyima usingizi, inayokukausha mdomo na kuupigisha moyo mbio, usiite chai. Iweke mezani kwa daktari na useme umeitumia kwa muda gani.

Naelewa kwa nini unaificha. Kuitoa ni kukiri kwamba umekuwa ukitapatapa. Rafiki yangu, kila aliyefika kwenye mlango huo ametapatapa. Dada yangu alitoa aina nne. Daktari hakumgombeza, alizisoma moja moja, akaandika, akaziweka pembeni, akasema, "Hizi usizirudie." Ilichukua dakika tatu, na yeye alikuwa ameziogopa miezi mitatu.

Usiache dawa yoyote ya hospitali kwa kujiamulia. Wale wanaotumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, atenololi na jamaa zake, wakiziacha ghafla moyo hukasirika. Kuzianza asubuhi ya upasuaji nako kuna balaa lake: utafiti mkubwa wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa waliopewa metoprololi kwa dozi kubwa siku ile walipata mshtuko wa moyo kidogo kuliko wenzao, lakini kiharusi na vifo viliongezeka. Baadhi ya vidonge vipya vya kisukari, kama empagliflozini na dapagliflozini, huachwa angalau siku 3 kabla. Sindano za kupunguza hamu ya kula zinachelewesha chakula tumboni, kwa hiyo daktari wa usingizi lazima ajue. Yote haya hayawezekani kama mfuko umebaki nyumbani.

5. Dai mkanda mpana

Hii ni fupi. Mkono mnene ukifungwa mkanda mwembamba wa presha, mashine husoma juu kuliko ukweli. Utafeli kwa kosa lisilo lako, na kufeli kwa namna hiyo sikushauri. Sema kwa upole, "Dada, naomba mkanda mkubwa." Kama haupo, mwambie aandike kuwa alitumia mdogo. Usione haya kuhusu mkono wako, umelea watoto.

6. Usinunue vipimo kama vitenge

Kuna wanaoingia na mafungu ya noti na kusema, "Nipime kila kitu." Wanadhani moyo uliopimwa sana ni moyo mzima. Miongozo ya sasa ya madaktari wa moyo inashauri kinyume chake: mtu asiye na dalili, mwenye pumzi nzuri na hatari ndogo, hahitaji kukimbizwa kwenye mashine kwa mazoea tu. Kipimo kisichohitajika huweza kutoa kivuli kisicho cha ugonjwa, ukazungushwa miezi ukitafuta kilichotupa kivuli hicho.

Waache wapange wao. Huanza na hesabu. Lee Goldman na wenzake walitunga orodha ya alama za hatari mwaka 1977, na mwaka 1999 Thomas Lee na wenzake wakaipunguza hadi mambo sita: aina ya upasuaji, ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, kiharusi cha zamani, kisukari kinachotumia insulini, na figo zilizochoka. Upasuaji wa kufungua ndani ya tumbo huhesabiwa alama moja peke yake. Maana yake hata kabla hujakaa kitini umeshafeli kimoja. Usihangaike kuonekana msafi.

Kipimo utakachokutana nacho karibu kwa hakika ni ECG, ile ya kubandikwa vitu vya baridi kifuani, mikononi na miguuni. Mzee wake ni Mholanzi Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kuunasa umeme wa moyo. Katika mashine yake ya kwanza mgonjwa alitia mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi, kwa hiyo usilalamikie baridi. Kwa mtu mnene mistari huweza kutoka midogo, kwa sababu umeme unapita kwenye nyama nyingi. Hiyo si lazima iwe ugonjwa.

Eko ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Mtu mnene picha yake huwa na ukungu, na mpimaji atakubonyeza na kukugeuza ubavu. Mpe ubavu. Usijibane tumbo ndani, picha haitazami kiuno. Uvumilie, kwa sababu hapo ndipo unene wa kuta na nguvu ya kusukuma huonekana. Wazee wetu wengi walisubiri rufaa ya kwenda India kwa mambo ya moyo. Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Ukibahatika kukaa foleni karibu na nyumbani, kaa.

Ukitakiwa kutembea kwenye mkanda unaokimbia, ujue mpango wa Robert Bruce unaotumika sehemu nyingi: unaanza kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila dakika tatu mwendo na mwinuko vinaongezwa. Uliza kwanza mashine inabeba kilo ngapi. Uliza dawa zipi usinywe asubuhi hiyo. Kama kipimo chako ni cha kuchomwa dawa ya kupanua mishipa, kahawa, chai na soda za kola huachwa siku moja kabla, maana kafeini inaipinga dawa hiyo. Ukiwa juu ya mkanda usishindane na mtu. Kifua kikiuma, sema papo hapo. Hapo ndipo mahali bora kabisa pa kuumwa kifua duniani.

7. Pokea kufeli kwako kwa mikono miwili

Dada yangu alifeli siku ya Jumanne mwezi Machi. Presha 176 kwa 102, kwa mkanda mpana. Eko ikaonyesha ukuta wa chumba cha kushoto cha moyo umenenepa kwa kusukuma damu kwa nguvu miaka mingi. Pamoja na mkoromo na zile chai, daktari akaandika: bado.

Alilia kwenye bajaji. Niwie radhi, sikujua la kumwambia. Harusi ya binti wa kaka yetu ilikuwa Juni, na yeye alikuwa ameshampelekea fundi kitenge pamoja na vipimo vya mwili ambao hakuwa nao bado. Alikuwa amekadiria. Kiuno hiki, kifua hiki, kata. Fundi alisita, dada akamsisitiza. Sasa barua ile ya moyo imechelewa, na harusi haichelewi.

Kama wewe ndiye unayelia kwenye bajaji leo, fanya hivi. Kwanza, kabla hujaondoka, muulize daktari maswali matatu: nimefeli nini hasa, dawa yake ni nini, na turudi lini kupima tena? "Bado" isiyo na tarehe usiikubali, iombe tarehe. Aliyepata mshtuko wa moyo kwa kawaida husubiri siku 60 au zaidi, aliyewekewa chuma cha kutanua mshipa huweza kusubiri miezi sita, mwenye presha husubiri mpaka ishuke. Kila kufeli kuna kalenda yake.

Pili, kuhusu watu. Mtu mmoja uliyemwambia ameshawaambia saba. Wape sentensi moja inayokulindia heshima: "Daktari ameona kitu, ananitengeneza kwanza." Hakuna wa kuongeza neno hapo. Usiseme umebadili mawazo, utakuja kunaswa Agosti ukiwa na bendeji.

Tatu, usihame hospitali kutafuta daktari atakayeandika "ruksa" bila kukugusa. Utampata, yupo. Upasuaji wa kupunguza uzito ukifanywa kwa mtu aliyeandaliwa vizuri ni salama kuliko watu wanavyodhani: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 wenye wagonjwa 4,776, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa kama watatu katika kila elfu. Nasema hivyo kwa moyo mzito, kwa sababu watatu hao nao walikuwa na dada zao kwenye benchi. Wanaotafuta ruksa ya haraka wanatoka kwenye usalama huo kwa miguu yao wenyewe.

8. Tumia majivuno yako vizuri

Miezi ya kusubiri inataka kichocheo, na kichocheo cha bure ulicho nacho ni kupenda kusifiwa. Kitumie. Dada yangu alianza kutembea Daraja la Tanzanite alfajiri, lile linaloanzia upande wa Hospitali ya Aga Khan kuelekea Coco Beach. Daraja lenyewe lina zaidi kidogo ya kilomita moja. Wiki ya kwanza alifika katikati, akashika ukuta na kujifanya anatazama bahari. Wiki ya tatu alikuwa na kofia. Wiki ya sita alikuwa na kofia, viatu vya rangi ya chungwa na kikundi cha akina mama wanne waliomwita "kocha", na sijawahi kumwona mtu akimeza dawa za presha kwa bidii kama kocha yule, kwa sababu makocha hawazimii darajani.

Sigara acha, na shisha pia, usinidanganye kuwa ni mvuke wa matunda. Hospitali nyingi hutaka iwe imeachwa wiki kadhaa kabla, na zingine hupima damu au mkojo. Vidonge vya presha viwekee kengele ya simu. Mashine ya usiku izoee, wiki mbili za kwanza utaichukia. Na ukifika ule mlo mdogo wa wiki za mwisho kabla ya upasuaji, ule wa kunywa supu na maziwa, jua kuwa unasinyaza ini ili daktari apate njia ya kupita. Chipsi mayai ya kuagana nayo usile. Kila mtu anataka kuagana nayo. Waulize madaktari wa upasuaji, watakwambia ini halijui kuagana.

Na ukichoka, kumbuka unachokinunua. Utafiti wa Waswidi ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia kwa miaka mingi watu wanene waliofanyiwa upasuaji na wenzao wasiofanyiwa, na waliofanyiwa walipata mshtuko wa moyo na kiharusi kidogo kuliko wenzao, na waliokufa kwa moyo walikuwa wachache. Moyo unaoutengeneza sasa ili ukatwe tumbo ndio huo huo ambao tumbo lililokatwa litakuja kuutunza.

9. Rudi ukasome barua

Ukirudi, soma barua kabla hujaikunja. Utatafuta neno "amefaulu" na hutaliona. Daktari wa moyo haandiki kufaulu, anaandika hatari yako ni kiasi gani na wenzake wafanye nini: dawa ipi iendelee mpaka asubuhi, ipi isimamishwe, mashine ya usingizi iwepo wodini, mgonjwa aangaliwe kwa karibu usiku wa kwanza. Zile aibu zote ulizozimwaga mezani sasa zimekuwa maelekezo kwa mstari mmoja mmoja. Chai hata haimo, kwa sababu ulishaiacha.

Toa nakala mbili. Moja ya faili, moja ya mkoba, maana faili hupotea.

Ya dada yangu ilitoka Agosti. Juni alikuwa ameshacheza harusini akiwa na dera pana, tena amecheza nyimbo tatu mfululizo, akakaa mwenyewe bila kushikwa. Asubuhi ya upasuaji alimeza kidonge chake cha presha kwa funda moja la maji, kama barua ilivyosema. Mwanawe alikuwa amebeba mashine ya usingizi kifuani kama mtoto mchanga, hakutaka manesi waishike. Kabla hawajamsukuma ndani, dada alivua pete, akanipa, akanivuta nisogee.

"Mpigie fundi," akasema. "Mwambie kile kitenge asikikate. Nitakuja mwenyewe kupimwa."